Mpagazi wa Chumba cha Kuonjea Chai

...na samahani, hii nitaisimulia vibaya, nasema mapema, mwisho nitauweka kabla ya mwanzo na pa kuchekea nitapapita kama lori lisilo na breki kwenye kona za Soni, halafu nakumbuka kwamba sisimulii mtu, nimekaa peke yangu katika chumba cha kuonjea chai, mdomo nimeufunga, macho kwenye kioo cha kompyuta, ila mazoea ndiyo hayo, miaka kumi na miwili kwenye kikundi cha utamaduni cha kiwanda, hata kichwani mwangu mwenyewe siingii bila kuwaomba radhi watazamaji, na watazamaji wa leo ni vikombe vyeupe ishirini na vinne vilivyopangwa kwenye rafu, vimeachama, na hakuna hata kimoja kinachocheka. Saa nane na dakika kumi. Walisema watamwingiza saa saba. Kwa hiyo sasa hivi Sabra wangu amelala chini ya taa kule Muheza, shingo imefunuliwa, ile shingo ambayo kwa miaka ishirini na mitatu sijaiona bila mtandio isipokuwa chumbani, na mtu mwenye barakoa anatafuta njia ya kulitoa rovu bila kuugusa ule mshipa, mshipa mdogo, alisema daktari, mwembamba kama uzi wa kushonea, ndio unaobeba sauti... na mimi niko huku mlimani nabishana na kompyuta juu ya nafasi. Nafasi haitoshi, inasema, kwa Kiingereza chake kikavu, faili moja halijanakiliwa, je, niliruke au niache? Kidole kiko juu ya kipanya. Hakishuki.

"Mzee Zuberi, imemaliza?" Ni Imelda, chumba cha pili, mlango uko wazi, nasikia vidole vyake vinagonga herufi kama mvua ya kwanza kwenye bati, nimemjibu bado kidogo mama, na yeye amesema jambo jingine, kuhusu wingu, kwamba wingu linakuja kutoka upande wa Mponde na sio wingu la kuchezea... simu iko mezani kwake, ile nyeusi, Mwanahamisi dada yake Sabra ndiye aliyemsindikiza, amesema akitoka tu chumba cha upasuaji atapiga, kwa hiyo masikio yangu yote mawili yako kwa Imelda na macho yangu yote mawili yako kwa mpagazi. Mpagazi ndiyo seva. Mimi ndiye niliyempa jina. Kila mashine kwenye mtandao lazima iwe na jina, na meneja wetu Abdulaziz, Msambaa wa Soni, mtani wangu, maana marehemu babangu alitoka Tabora kuja kuchuma chai na huku kila Mnyamwezi ni mtani wa kila mtu, akasimama mlangoni pale akacheka, akasema, mtumwa wangu, kazi ya hiyo mashine ni kubeba mizigo ya wenzake na haina mzigo wake, huyo si babu yako huyo? Nikamwambia mtumwa ni wewe na shamba la babako la maharage, lakini nikaandika jina hilo hilo, MPAGAZI, herufi kubwa. Mwezi uliopita radi ilipiga, umeme ukaja kama nyati, ukala diski ya Imelda yote, wakulima elfu mbili na mia moja wa chai, majina yao, vijiji vyao, mashamba yao, pwaa, na Imelda alikaa siku kumi na tisa akiandika upya kutoka kwenye madaftari ya vituo vya mizani, usiku akiota majina, anasema aliota kina Shekiondo mia nne wamepanga foleni mlangoni kwake kila mmoja anauliza, mimi je? Ndipo meneja akasema, Zuberi, kisirudie. Nikaichukua kompyuta ya zamani ya meneja aliyepita, nikaifungua kifuniko, nikaitia diski mbili, nikaivuta waya kupitia darini, mahali vibanio vilipoisha nimefunga kwa mgomba mkavu, msiniseme, unashika kuliko vya dukani, na nikaiweka humu kwa waonjaji kwa sababu hiki ndicho chumba kikavu pekee kwenye kiwanda kizima, ukungu wa huku unaingia hata ndani ya sanduku lililofungwa, lakini hapa hauingii, chai haipendi unyevu, na diski ni kama chai.

Basi tangu asubuhi mpagazi anabeba. Wakulima wote wamepita, barua zimepita, zamu za vibarua zimepita, hata ratiba ya chakula cha mkutano wa wanachama imepita, pilau, kachumbari, soda, na lililobaki mlangoni, limekaa na mzigo wake, haliingii, ni faili moja tu kutoka kwenye mashine yangu hii ninayoikodolea macho, megabaiti mia moja na tisini, na mpagazi amebakiwa na nafasi ya megabaiti kumi tu. Jina la faili, SABRA. Kuruka au kuacha. Nikiruka, kila kitu cha kiwanda kiko salama mara mbili, na Sabra yuko mara moja tu, kwenye diski hii, na wingu linatoka Mponde.

Kwa sababu kaseti yenyewe haipo tena, redio imeitafuna. Ile redio kaseti, Sabra anaijua, ndiyo niliyoshinda Korogwe mwaka themanini na saba kwenye mashindano ya Mei Mosi, Bwana Kapu, ndilo lilikuwa jina langu jukwaani, natoka nimevaa kapu la kuchumia chai kichwani na suruali ya meneja Mzungu aliyeondoka, watu wanaanza kucheka kabla sijafungua mdomo na mimi badala ya kushukuru nafungua. Zikaja zama hizi za ubinafsishaji, mwekezaji akapekua orodha ya wafanyakazi akauliza, huyu Kapu anazalisha nini? Akaambiwa vichekesho. Akasema asante. Waliobaki kwenye kikundi walibaki kwa kitu kingine, Mikaeli mpiga ngoma akawa mlinzi, kwa kuwa sauti yake inatisha, na mimi nilibaki kwa sababu nilikuwa nachomelea nyaya za vipaza sauti vyetu, wakasema, anajua nyaya, mpelekeni kozi Tanga akasome kompyuta, nikaenda na miaka yangu arobaini na mmoja nikakaa dawati moja na watoto waliomaliza kidato cha nne jana, nikarudi fundi. Sabra akasema, afadhali, mashine hazichoki kusikiliza... akaendelea kupepeta mchele. Nilicheka nikafikiri ananisifu.

Jumapili jioni, kabla hawajashuka Muheza, niliiweka hiyo redio mezani, nikatia kaseti mpya, nikabonyeza kitufe chekundu, nikamwambia leo nakurekodi, mama Pendo, ili hata ikitokea, Mungu aepushe, ikitokea lolote na ule uzi wa kushonea, tuwe na akiba. Akatazama redio. Akanitazama mimi. Akaenda kuchemsha chai. Jumatatu wakaondoka na Mwanahamisi, na mimi mchana, wakati wa chakula, nikaileta kaseti hapa, nikaunganisha waya kutoka redio hadi kompyuta, sikusikiliza, meneja alikuwa ukumbini na sikutaka aone natumia umeme wa kiwanda kwa mapenzi, niliiacha iingie kimya kimya na kuangalia tu kwenye kioo sauti ikijichora, maana kompyuta inaichora sauti, inapanda na kushuka kama milima, safu ya milima, Usambara yote kutoka Mombo mpaka Mlalo, dakika kumi na nane, nikatazama milima ile moyo ukajaa, nikasema, huyo, Sabra wangu huyo, alivyo mkubwa! Nikahifadhi. Nikaitoa kaseti, nusu ya mkanda ikabaki ndani ya redio imejiviringisha kama utumbo wa kuku, nikavuta, ukakatika, nikasema si kitu, ninayo kwenye mashine. Si kitu. Mwenye kinywa kikubwa hakosi kusema si kitu.

...radi ile, mbali bado, vikombe vimetikisika kidogo, Imelda anasema Bikira Maria, yeye amesoma kwa masista Kifungilo na akisikia radi lazima aite mtu... kile kisanduku cha kuhifadhi umeme kilikufa na ile radi ya kwanza, kipya kimeagizwa, kimeagizwa tangu lini... "Mzee, kama umeme hautulii tuzime?" Usizime! nimesema kwa nguvu kuliko nilivyotaka, usizime mama, dakika mbili, na yeye amejua, watu wote wa kiwandani wanajua leo ni leo, asubuhi aliponiamkia shikamoo aliishikilia ile oo kidogo, kama mtu anayekuwekea mkono begani. Kwa nini sikwenda? Meneja alinipa ruhusa. Ni Sabra aliyekataa, alisimama mlangoni na begi, akasema, baki na mashine zako, ukija Muheza utawachekesha manesi, watasahau mkasi ndani ya shingo yangu, niwe nalia chwi chwi nikigeuka kitandani. Mwanahamisi alicheka hadi akakaa chini. Mimi sikucheka, nilikuwa nimeshaanza kujibu, nilikuwa na kitu changu cha kusema juu ya mkasi, kizuri sana, sikikumbuki hata kidogo sasa, na cha kwake nakikumbuka neno kwa neno.

Na daktari... hapa ndipo panaponikaa. Wiki tatu zilizopita, Muheza, chumba kidogo, daktari kijana mwenye adabu, alizungumza na Sabra moja kwa moja sio na mimi, akamwambia, mama, rovu limekua kwa ndani, linabana njia ya hewa, tusipolitoa itakuwa vibaya, lakini karibu yake kuna mshipa wa sauti, mara nyingi tunaukwepa, mara chache sauti inabadilika, inakuwa nzito, au inabaki hewa tu, naomba ulijue hilo kabla hujatia sahihi. Kimya. Kile kimya kilikuwa cha Sabra. Kilikuwa chake, alikuwa amekishika, alikuwa anakigeuza mkononi anakitazama, na mimi, Bwana Kapu, siwezi kuona kimya kimekaa bila kukipanda mgongoni, nikasema, daktari, usiwe na wasiwasi, nyumbani kwetu nafasi ya kuzungumza ilikuwa imegawanywa vibaya, sasa nitaichukua yote! Daktari akacheka kwa adabu. Nesi akacheka. Sabra akachukua kalamu akatia sahihi, herufi zake zile za ngumbaru, moja moja, kubwa, S, A, B... na njia nzima ya kurudi hakusema, na mimi nikafikiri ni gari linampa kichefuchefu, nikamnunulia machungwa. Nikamenya. Nikaeleza namna ya kumenya chungwa, kuanzia Muheza mpaka Mombo.

Nisikilize, basi. Hilo ndilo ninaloliogopa tangu asubuhi na ndiyo maana kidole hakishuki, kabla sijaamua kuruka au kuacha nisikilize angalau kidogo, dakika moja, nikate pembeni, labda mwanzoni kuna kelele za vikombe zinazoweza kutolewa. Hedifoni hizi hapa. Sikio moja kwa Sabra, sikio jingine kwa simu ya Imelda. Nabonyeza... krrr, redio, kuku nje, na sauti, mabibi na mabwana! leo tunaye hapa kwetu mgeni mashuhuri, Bi Sabra binti Shekiondo, bingwa wa maharage na mchele, makofi tafadhali! Ni mimi. Sawa, utangulizi, kila onyesho lina utangulizi. Naendelea. Mimi. Naeleza jinsi tulivyokutana kwenye mizani ya kituo cha pili, yeye na kapu lake kamili na mimi na langu limejaa majani mazee chini na machanga juu, na karani akanifukuza, najiuliza swali najijibu mwenyewe kwa sauti ya karani, halafu kwa sauti ya mamake, marehemu, nampatia mamake kabisa, ule mguno wake... dakika ya nne na sekunde sita, mbali na redio, kuna mtu anasema, "Chai inapoa." Ndiye. Ndiyo hiyo. Nimerudisha nyuma, nimesikiliza tena. Chai inapoa. Halafu mimi, juu yake, sijamwacha hata amalize ile a ya mwisho, namweleza redio kuhusu chai. Naruka mbele. Dakika ya saba, mimi. Dakika ya tisa, mimi, nasimulia ile ya Mei Mosi Korogwe, na yeye, taratibu, anasema, "Hiyo umeshaisema." Na mimi nacheka, na naisema. Dakika ya kumi na mbili, "Mh." Dakika ya kumi na tatu, mimi.

Naitazama ile milima kwenye kioo. Yote ni mimi. Safu nzima kutoka Mombo mpaka Mlalo ni domo langu, na yeye ni vile vichuguu vitatu huku chini, mtu asiyejua angefikiri ni uchafu wa mkanda... mie mtani wa tarafa nzima. Akifa mtu huku kwa Wasambaa, na kama ana mtani wa kweli, mtani haji kulia, anakuja kumwiga, anavaa koti la marehemu, anatembea mwendo wake, anakohoa kikohozi chake, anadai chai kwa sauti yake na kuwagombeza wajane kwa maneno yake, na watu wanacheka na machozi yanawatoka kwa wakati mmoja, kwa saa ile moja marehemu amerudi kukaa nao. Nimewafanya wangapi? Mzee wa mizani nimemfanya. Mamake Sabra nimemfanya, na Sabra siku ile alinishika mkono baadaye nyuma ya nyumba, akasema, kwa kitambo nilimwona mama. Kabla ya seva hii mimi ndiye niliyekuwa akiba ya nusu ya makaburi ya hapa, nipe jina nikupe sauti. Ila Sabra. Watu wamewahi kuniambia, Kapu, hebu mfanye mkeo, nikajaribu, ikatoka sauti ya mwanamke yeyote, sauti ya jukwaani, nikasema ni kwa heshima, mke haigizwi. Heshima gani. Huwezi kumwiga mtu usiyemsikiliza. Wafu niliwasikiliza, kwenye foleni ya mizani, kwenye kahawa, nilikuwa nawavizia. Yeye nilikuwa naye kila siku, nikafikiri yupo.

Na ile Korogwe sasa, kwa kuwa tumefika, kwa kuwa kichwa hakina adabu. Mwaka themanini na saba nilishinda kwa kichekesho kimoja, ukumbi ulilala chini, mwanamke mwenye rovu anamwambia mumewe, huyu shingoni ndiye mke mwenzangu, tena afadhali yeye, yeye ananibana koo, wewe unanibana masikio. Redio kaseti, cheti, picha na mkuu wa wilaya. Ni maneno yake. Aliyasema jikoni, hajainua hata kichwa, alikuwa anachambua mawe kwenye mchele. Niliporudi na redio begani akaniuliza jambo moja tu, na mimi, ndani ya ngoma zile za kunipokea, sikulisikia, sikulisikia kabisa, na sasa hivi, miaka kumi na mitano baadaye, kwenye chumba kikavu, nalisikia wazi kama kengele ya zamu, alisema, na mwenye maneno kaletewa nini?

Dakika ya kumi na sita, mimi. Imelda anasema kitu, "...nikupigie mimi kule Muheza, mzee, niulize?" Hapana mama, tusiwasumbue, watapiga. Dakika ya kumi na saba kuna mtu anabisha hodi nje, ni Yunis jirani, mbuzi wetu ameingia kwenye kabichi zake, nakisikia kiti changu kikianguka, najisikia natoka, nikiwa bado nazungumza, nikizungumza na mbuzi, sauti inakwenda ikififia mpaka inakwisha, na kwenye kioo milima inaanguka ghafla, bonde. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono kuzima. Kuna kijiko. Kijiko kinazunguka kwenye kikombe, taratibu, mara tatu, kinagongwa ukingoni mara moja, ndivyo anavyofanya, ndivyo anavyofanya siku zote, na pumzi yake, na ile filimbi ndogo ndani ya pumzi, ya rovu, ambayo usiku naisikia nikajua nipo nyumbani. Kiti kinasogezwa. Karibu. Karibu kabisa na redio.

"Haya, kidude. Mwenye mdomo katoka. Tubaki mimi na wewe."

Kijiko.

"Mimi Sabra. Sijambo. Akija kukusikiliza mwambie asilie, akilia anatoka kamasi kama ndama. Kanzu yake ya Ijumaa iko kwenye begi la bluu, asianze kumsumbua Pendo." Pumzi. Filimbi. "Na kama sauti haitarudi, mwambie asihangaike kutafuta nilichotaka kusema. Nilishasema. Alikuwa anazungumza tu." Halafu anacheka, kidogo, puani, kicheko ambacho sijawahi kukipata ukumbi wowote, na anaanza kuvumisha ule wimbo wake wa kumenyea maharage, hauna maneno, au una maneno ya Kishambaa ambayo sijawahi kuuliza, na nyuma kabisa, mbali, kwenye kabichi za Yunis, mjinga mmoja anamhutubia mbuzi. Sekunde arobaini na moja. Nimehesabu. Kisha mlango, bu! nimerudi, tulikuwa wapi?, na milima inasimama tena.

Nimevua hedifoni. Kamasi, ndiyo, kama ndama. Wingu limefika, chumba kimeingia kiza, vikombe vimekuwa vyeupe zaidi, na mahali fulani chini ya paa hili majani yananyauka kwenye vitanda vyake na ile harufu inapanda, ya majani mabichi yanayolegea, harufu ya nguo zake zote. Sekunde arobaini na moja ni megabaiti saba. Mpagazi ana nafasi ya kumi. Hesabu ya mtoto wa darasa la pili, fundi mzima sikuiona, natafuta nafasi tangu asubuhi, nimefuta vitabu vya maelekezo, nimefuta picha za sherehe ya mwekezaji, na mzigo wenyewe ni mimi. Nimekishika kipanya, nimevuta alama kutoka mwanzo, mabibi na mabwana, mpaka hapo mbuzi anapoingia, milima yote imegeuka nyeusi, na kutoka pale ninaporudi na mlango mpaka mwisho, nyeusi, vile vichuguu vitatu vya mwanzo nimevikata nikavisogeza kwenye bonde lake, chai inapoa, hiyo umeshaisema, mh, asikose hata kile, na kompyuta inauliza, kwa Kiingereza chake kikavu, una hakika unataka kufuta? Nina hakika. Sijabonyeza bado. Kidole kipo hapo hapo kilipokuwa, kioo ni kile kile, simu haijalia, saa nane na dakika ishirini na tano, sijui kama kuna sauti kule Muheza au kuna hewa tu, na kama ni hewa nitaisikiliza hewa, nitakaa kitandani nihesabu kijiko, mara tatu, na ukingo mara moja, na nitajifunza, wallahi nitajifunza hata kuuliza maneno ya wimbo, hata kama atanijibu kwa mkono, na simu ikilia sasa hivi sitasema hujambo shemeji habari za safari za huko joto lipoje, nitaweka sikio na nitangoja...

"Mtani!" Ni Abdulaziz, mlangoni, koti la mvua limeshaanza kuchuruzika, anatazama kioo, ananitazama mimi, ananitazama pua. Sauti yake imeshuka. "Muheza wamepiga?"

"Bado."

"Inshallah heri." Amesimama. Hajui aweke wapi mikono, meneja mzima, mtani wa kweli hajui kukaa penye huzuni bila kuchokoza, namjua, ni mimi huyo. "Sasa huyu mbeba mizigo wenu wa Tabora mbona amekwama? Mpagazi mzima! Amelemewa na nini?"

Vikombe ishirini na vinne vimeachama, vinangoja.

"Amenibeba mimi, meneja," nikasema. "Dakika kumi na saba za mimi. Ngoja nishuke."